Baiskeli ya Mtu Mrefu

Kampire alikuwa ameuza baiskeli za mitumba mjini Mbarara miaka mingi kiasi cha kumjua mteja kwa miguu kabla hajamtazama usoni. Elisée alipoinama juu ya ile baiskeli ya bluu, mwanamke huyo aliweka kikombe chake cha chai chini na kumwambia wazi kwamba haimfai.

"Hii gali ni ya mtu mrefu, sebo," alisema, akiipiga baiskeli kitini kwa kiganja. "Wewe iko mfupi. Kuja hapa nipime mguu."

Akatoa kamba mfukoni mwa aproni yake iliyojaa grisi. Elisée akarudi nyuma hatua mbili, akakaribia kuangusha rundo zima la magurudumu. Kwao, Baraka, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mtu aliye hai hapimwi kwa kamba wala kwa tete. Anayepimwa hivyo ni yule aliyelazwa mkekani, seremala anasubiri nje na mbao zake. Alijaribu kueleza hayo kwa adabu. Kampire akacheka, halafu akauona uso wake na kuacha kucheka, akaizungusha kamba kidoleni na kuirudisha mfukoni.

Tuseme ukweli, kununua baiskeli ya mashindano bila kupimwa ni sawa na kununua kiatu kwa kukitazama dirishani. Lakini kila watu wana mahali ambapo akili yao hukataa kuingia, na kwa watu wa kwao Elisée mahali penyewe ni hapo kwenye kamba.

Vingine vyote alivikagua, tena vizuri, kwa kuwa alikuwa mtoto wa fundi. Alizungusha magurudumu akisikiliza beringi, jicho moja amelifumba. Alivuta mnyororo aone umelegea kiasi gani. Alipitisha ukucha kwenye kila kiungio cha fremu kutafuta ufa. Ilikuwa baiskeli ya bei ya chini kule ilikotoka, ya kujifunzia, kitu ambacho mtu wa Ulaya hununua, akaendesha kiangazi kimoja, akakitupa stoo. Fremu ya alumini, gia nane nyuma na mbili mbele, usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Kwa Elisée ilikuwa mali. Alipouliza bei ya ile ya kijani iliyosimama kando, fupi na yenye kumtosha, macho yake yalikuwa bado kwenye ya bluu, na Kampire aliyaona.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kampire alimfungia shingo fupi ya usukani ili asijinyooshe sana, akalishusha bomba la kiti mpaka vikabaki vidole sita tu juu ya fremu, akamwambia afanye mazoezi kwelikweli. Jumamosi ya mwisho ya mwezi waendeshaji wa pale mjini wangekimbia hadi Isingiro na kurudi, na kocha mmoja angekuja kuchagua wawili wa timu yake. Elisée alikuwa na miaka ishirini na sita. Alijua hatapata nafasi nyingine ya namna hiyo.

Alirudi nayo nyumbani akiiendesha, lami mpaka Isingiro, kisha vumbi na mawe mpaka kambini Nakivale, kijiji cha Kashojwa, anakokaa na mama yake. Alifika mgongo ukimuuma na roho yake nyeupe. Mama yake, Perpétue, alikuwa akianika maharage uani. Aliitazama baiskeli kuanzia tairi mpaka kiti, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Umemununulia kaka yako kinga," alisema, akiita baiskeli kama waiitavyo Baraka. "Akifika atafurahi sana."

Elisée alifungua mdomo amweleze kwamba hapana, ni yake, ya mbio za Mbarara. Badala yake akaushika usukani. Aliiingiza ndani, akaiegemeza ukutani karibu na mlango.

Hapa ni lazima niseme alichokijua Elisée, maana bila hilo hakuna hadithi. Kaka yake Anatole alikuwa amekufa. Alikuwa amekufa miaka minne iliyopita, siku ile waliyokimbia, na Elisée alimwona kwa macho yake. Kwa mama alisema kwamba walipotezana kwenye umati. Aliusema uongo huo siku ya kwanza, mama akiwa na homa na hajala siku mbili, akajiambia kwamba atausahihisha akipona. Mama akapona. Uongo nao ukapona, ukanenepa, ukawa mtu wa tatu nyumbani.

Kila mwezi Perpétue alikwenda Base Camp, kwenye ofisi ya kutafuta watu waliopotea, akiwa na picha ya Anatole ndani ya Biblia. Kila walipohesabiwa watu wa kaya, alisema kwamba wako watatu, mmoja yuko njiani. Mwaka jana mtu mmoja alimwambia kwamba kambini Kyangwali kuna Mkongomani mrefu, fundi wa baiskeli, hana ndugu. Perpétue alipanda mabasi siku mbili, akaenda, akarudi na miguu imevimba. Alisema yule mtu hakuwa mrefu vya kutosha. Elisée alimkanda miguu kwa maji ya moto na chumvi, akanyamaza. Hilo ndilo lililokuwa likimla. Alikuwa na neno moja ambalo lingemkalisha mama yake chini, na neno lenyewe hakuweza kulisema bila kusema na lile lingine lililokaa nyuma yake.

Wiki ya kwanza aliishughulikia baiskeli tu. Tairi nyembamba ilizokuja nazo zisingevumilia mawe ya Nakivale, akatafuta pana zaidi, akalazimika kukwangua kidogo breki ili zipite. Alibadilisha kebo zote. Usukani aliuzungushia utepe wa tyubu ya ndani, alioukata mwenyewe kwa wembe, mrefu na sawasawa kama baba yake alivyomfundisha. Jirani yao Fébronie, Mrundi aliyekuwa akiuza mihogo, alisimama mlangoni akamtania kwamba akioa, mke wake atamwonea wivu hiyo baiskeli. Perpétue akacheka. Zilikuwa siku nzuri, na Elisée alizifurahia kama mtu ambaye hajui kinachokuja.

Asubuhi ya Jumatatu ya pili aliitoa nje, akapanda, na miguu yake ikaning'inia.

Alishuka. Akatazama kiti. Kilikuwa kimepanda. Alidhani aliisahau bolti, akachukua alenki, ule ufunguo mdogo uliopinda aliokuwa akiuweka kwenye kopo la maziwa, akakishusha, akakaza mpaka mkono ukauma. Kesho yake kilikuwa kimepanda tena. Bolti ilikuwa imekazwa vizuri kabisa.

Mtu yeyote aliyewahi kuwa na baiskeli kuukuu anajua kwamba kiti hushuka. Uzito wa mwendeshaji hukididimiza, kidogo kidogo, barabara ikiwa mbaya. Hiyo ni kawaida na dawa yake ni spana. Lakini hakuna kiti duniani kinachopanda chenyewe. Elisée aliweka kiganja chake kwenye bomba, kidole gumba kwenye fremu na kidole kidogo juu, chini ya kiti. Ilitoka shibiri moja kamili. Akaondoa mkono upesi, kama aliyegusa sufuria ya moto.

Shibiri hiyo aliijua. Kule Baraka, katika karakana ya baba yao, yeye ndiye aliyekuwa akiisafisha baiskeli ya mashindano ya Anatole, na kila baada ya kuisafisha alikipima kiti kwa mkono huohuo kabla Anatole hajaja kuichukua. Anatole alikuwa mrefu, watu walimwita Mwarobaini, kama ule mti, kwa kuwa aliinama kwenye kila mlango.

Na siku ya kukimbia walikuwa na baiskeli hiyo moja. Mama alikuwa ametangulia na wanawake kwa lori. Karibu na mto Mutambala risasi zilianza, moja ikampata Anatole pajani. Alikaa chini kando ya shamba la mihogo, akamwambia mdogo wake apande, akalete watu. Elisée alipanda. Kiti kilikuwa juu mno kwake, alilazimika kwanza kusimama kwenye jiwe ndipo apande, na akapiga pedali kwa kuyumba kulia na kushoto. Alipofika kijiji cha mbele akakuta watu wenyewe wanakimbia kuja alikotoka, na risasi nyuma yao. Akageuka nao. Kwa hiyo alipita tena pale kwenye mihogo, katikati ya watu wengi, na Anatole alikuwa amelala chali, hatikisiki, inzi wako machoni.

Elisée hakushuka. Aliangalia kushoto na kulia, kwa umati ule hakuliona tena lile jiwe wala ukingo, akajua kwamba akishuka hataweza kupanda tena upesi. Akapiga pedali. Hilo ndilo neno lililokuwa nyuma ya neno.

Sasa fikiria mtu huyo, asubuhi, ndani ya nyumba ya chumba kimoja na pazia, na kiti cha baiskeli kimepanda mpaka pale pale. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alikishusha bila kusema kitu. Mama yake alikuwa upande wa pili, akikoleza moto, akamwuliza kama amelala vizuri. Akasema ndiyo.

Haikuwa kila siku. Zilipita siku mbili, tatu, akaanza kupumua, kisha asubuhi moja tena, shibiri moja. Elisée alipiga alama ya rangi nyekundu kwenye bomba, akaikuta alama iko juu hewani. Alilisugua bomba kwa msasa ili lishike vizuri zaidi. Likashika vizuri zaidi, kule juu.

Ndipo akaanza kusikia na mlio. Kila baiskeli ya aina hii ina friwili kwenye gurudumu la nyuma, na friwili hulia tiki-tiki-tiki unapoacha kupiga pedali na kuiacha ijiendee. Ukipiga pedali tena, hunyamaza. Kwenye mteremko wa kwenda ziwani, Elisée aliacha pedali, ikalia. Akaanza kupiga, yake ikanyamaza, na nyuma yake kidogo nyingine ikaendelea kulia. Aligeuza shingo. Barabara ilikuwa tupu mpaka kilimani, ng'ombe wawili tu na vumbi lake mwenyewe. Alipiga pedali kwa nguvu zake zote mpaka Base Camp, na ule mlio ulimfuata bila haraka, kama mtu mwenye miguu mirefu ambaye hahitaji kuhangaika.

Alikwenda Mbarara kwa Kampire. Akamwambia friwili ina kasoro, akabadilishiwa gurudumu lote la nyuma kwa lililo bora, jepesi, la gia tisa, na kibadilisha gia kingine cha kulingana nalo. Kampire alikaribia kumsifu, alivyokuwa amekwisha kuiboresha ile takataka ikawa baiskeli ya kweli. Kisha Elisée akamwambia habari ya kiti. Kampire aliifungua bolti, akaitazama, akalipima bomba, akairudisha.

"Hii haina makosa," alisema. "Kuna mtu anafungua. Nani analala na wewe kwa nyumba?"

Elisée alijibu kwamba ni mama yake tu, na vidole vya mama yake vimekakamaa kwa baridi yabisi, hawezi hata kufungua kifuniko cha chupa ya mafuta. Kampire alimtazama kidogo, akamshauri amwite mchungaji. Elisée alirudi Kashojwa na gurudumu jipya. Mteremkoni, yake ikanyamaza, na ile nyingine ikalia.

Lakini miguu ilikuwa ikipata nguvu. Hofu nayo ni mazoezi. Kwa kukimbia mlio ule kila asubuhi, alikuwa amepunguza muda wake mpaka hata wale vijana wa Mbarara walioendesha tangu utotoni walianza kumwulizia jina. Kocha alimtumia salamu kupitia kwa Kampire kwamba amesikia habari zake. Kila mtu alisema nafasi moja kati ya zile mbili ni ya huyo Mkongomani mfupi wa Kashojwa.

Siku tatu kabla ya mbio Perpétue alitangaza kwamba Jumatatu ataondoka. Kuna mtu amemwambia kuwa kambini Nyarugusu, Tanzania, kuna mwendesha baiskeli anaitwa Anatole. Nyarugusu ni mbali zaidi ya Kyangwali, mipaka ni mipaka, na miguu yake ndiyo ile. Fébronie alimsihi asiende peke yake. Elisée alikaa kwenye kigoda, akiutazama moto, na ndani yake lile neno lilipanda mpaka kooni, likakaa hapo, likashuka. Jioni hiyo mama alimpa mfuko na kumwomba aufunge vizuri kwa kamba, kwa kuwa vidole vyake haviwezi. Aliufunga. Mungu amsamehe, aliufunga vizuri sana, mafundo mawili.

Jumamosi aliamka kumekwisha kupambazuka. Alivaa kaptula na jezi aliyoazimwa, akajaza maji chupa. Kiti kilikuwa kimepanda.

Hakuwa na haraka ya kukishusha safari hii. Alipiga magoti mbele ya baiskeli, alenki mkononi, na mkono ukawa unatetemeka kiasi kwamba ufunguo uligonga fremu, kong, kong, kong. Aliweka paji la uso kwenye bomba lile. Akaanza kusema. Alimwambia Anatole kwamba amechoka. Alimwambia kwamba anajua, anajua kila siku, hana haja ya kukumbushwa. Alimwomba amwache apate siku hii moja, kisha amfanye atakavyo. Alilia kwa sauti, mwanaume mzima, bila haya.

"Unasema na nani?"

Perpétue alikuwa amesimama kando ya pazia. Elisée alijibu kwamba hakuna mtu.

"Umesema Anatole," mama alisema. "Umemuomba akuache."

Alikuja akakaa kwenye mfuko wake wa safari, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Akanyoosha mikono yake iliyopinda, akaitazama.

"Mimi njo nilipandisha kiti," alisema.

Elisée hakuelewa. Alimwuliza angewezaje, kwa vidole vile. Akasema kwamba yeye alikuwa mke wa fundi miaka thelathini. Unachomeka alenki ndani ya kipande cha bomba, unabonyeza kwa kiganja, haihitaji vidole. Na kipimo je? Akajigusa kiunoni, penye fundo la kitenge. Kiti cha Anatole kilikuwa kikimfikia hapo kila alipoikuta baiskeli mlangoni pake Baraka. Alikuwa akifanya hivyo alfajiri, Elisée akiwa bado amelala.

"Mara ya kwanza nilipandisha juu ya Anatole, akifika akute kinga yake iko tayari," alisema. "Zile siku zingine nilipandisha juu yako."

"Sababu yangu, mama?"

"Nilingoja uniulize. Mutu akikuta kitu chake kimeguswa, anauliza batu ba mu nyumba, nani amegusa? Anagombeza. Ungenigombeza, ningesema sawa, Anatole iko fasi fulani, anaishi. Lakini weye haukuuliza. Ulikuwa unashusha kimya, mikono inatetemeka. Nikaona unamuogopa. Elisée, mutu mwenye kuwa muzima hakuna mwenye kumuogopa vile."

Simu ilianza kulia kwenye mkeka. Ilikuwa Kampire, bila shaka, akitaka kujua yuko wapi. Ililia mpaka ikachoka, hakuna aliyeitazama.

"Nikasema mbele yako naenda Nyarugusu," mama aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imeanza kupasuka. "Nikasema, hapa atanizuia. Hawezi kuacha mama yake aende kule bure. Ukanifungia mufuko."

Hakuna tusi ambalo lingemwumiza zaidi. Elisée alikaa chini kwenye udongo, mgongo kwenye gurudumu jipya, na ule mlio uliomfuata wiki zote ukawa hausikiki popote. Alisikia pumzi ya mama yake tu.

"Ulimuona?" mama aliuliza.

"Nilimuona."

"Ulimufunika na nini?"

Angeweza kusema na majani. Angeweza kusema na koti. Nani angemkanusha? Wote walioona walitawanyika duniani, na mama yake angepata kitu cha kushika. Alilifikiria hilo, simfichi. Kisha alitazama yale mafundo mawili kwenye mfuko.

"Sikushuka, mama," alisema. "Nilipita na kinga yake. Kiti kilikuwa juu, nilijua nikishuka siwezi kupanda tena. Batu walikuwa bengi, risasi zilikuwa mingi. Nilimuangalia nikapita."

Perpétue hakumpiga. Angempiga ingekuwa nafuu. Uso wake ukawa unazeeka mbele ya mwanawe. Mwishowe aliuliza kama macho yalikuwa wazi. Elisée akasema yalikuwa wazi. Akauliza kama alikuwa amevaa viatu. Elisée akasema kimoja.

"Kimoja," mama alirudia.

Akasimama. Aliifungua Biblia, akaitoa ile picha, akaiweka mezani imelala chali. Akafungua kilemba, nywele zake nyeupe zikaonekana. Akakikaza kitenge kiunoni, akatoka uani penye jua, akatupa mikono juu, akalia. Kilikuwa kile kilio ambacho watu wa Kashojwa, wa kila kabila, hawahitaji kuelezwa. Milango ikafunguliwa. Wanawake wakaja mbio, mmoja na unga bado mikononi.

Fébronie alifika wa kwanza. Alimshika mabegani, akamwuliza nani, ni nani. Perpétue akasema ni Anatole. Fébronie akaduwaa, akamtazama Elisée aliyekuwa amesimama mlangoni katika jezi ya kuazima, kisha akamrudia mama. Miaka minne alikuwa ameambiwa kwamba Anatole yuko njiani.

"Amekufa lini?" aliuliza.

Perpétue aligeuka akamtazama mwanawe, yule aliyebaki.

"Leo," alisema. "Amekufa leo asubuhi, ndani ya nyumba yangu."